Neno Moja Ndani ya Kompyuta

Na yule mume niliyekusifia kwenye simu mpaka salio likaisha, Dada Tekla, ndiye huyohuyo aliyefanya niitwe mvivu. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia. Hamjambo lakini? Mguu wa Mama vipi, anafika uani mwenyewe sasa? Mimi na mume wangu tuna afya, ila nina hasira hadi mwandiko umepinda.

Unajua Mama hakuweza kusafiri kuja harusini, nami niliapa kumleta mkwewe Songea amwone kwa macho. Mama Shose, mwenye duka la kuchapa hapa Majengo ninakofanya kazi, alinikubalia ruhusa ya siku saba. Kisha akazifuta. Kompyuta yangu ilikuwa inajikokota. Nabonyeza herufi, inatokea nimeshasahau neno. Wateja wakajaa kwenye benchi. "Bibi harusi," ananiambia mbele yao, "unachapa barua au unasuka mkeka? Akili yako bado iko fungate. Ruhusa utapata ukifikia kasi ya Husna." Husna ni mwenzangu wa meza ya pili, naye akacheka.

Nikamweleza mume wangu Elifuraha akiwa anakula mtori, ile supu yao ya ndizi. Akaweka kijiko chini. "Mke wangu, kosa hilo ni langu."

Kumbe kabla ya harusi Mama Shose alimwita kama fundi, maana feni ya kompyuta hiyo ilinguruma kama mashine ya kukoboa kahawa. Badala ya kusafisha vumbi, akapunguza kasi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Alinieleza: ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kuna faili dogo. Ukiandika humo powersave, prosesa inatembea polepole isipate joto. Ukiandika performance, inakimbia. Neno moja tu. Akaliandika, akaenda kuoa, akasahau.

Ningemsamehe, maana nampenda mpaka naona aibu, na kila asubuhi chai yangu ya tangawizi iko tayari kabla sijafumbua macho. Lakini sikia alichofanya. Alikuja dukani Mama Shose alipokwenda kula, akabadilisha lile neno kimyakimya, akanikonyeza, akaondoka. Nikachapa kama upepo. Kesho yake umeme ukakatika, na mashine ilipowaka ikarudi kujikokota, kwa sababu aliiacha amri yake ya zamani inayoandika powersave kila inapowashwa.

"Bibi harusi amechoka tena," akasema Mama Shose.

Nilimpigia Elifuraha palepale. "Njoo, na leo uje mwenye duka akiwepo."

"Mpenzi, atanivunjia heshima mbele ya wateja."

"Yangu umeshaivunja wewe."

Akaja. Akasimama mbele ya benchi zima, akasema, "Mama Shose, mke wangu si mvivu. Mimi ndiye niliyeibana hii mashine." Akafuta ile amri, akafungua feni, vumbi likamwagika kama unga wa muhogo. Mama Shose hakuniomba radhi. Alisema tu, "Siku zako saba zipo," akageukia mteja. Hilo bado sijamsamehe.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi Kristina aliyenifunda. Mwambie somo la kunyamaza halikuniingia. Mama mpe shikamoo yangu. Wakwe zangu wa Kibosho wanawasalimu sana.

Tiketi nimeshakata mbili. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwenu, mimi na huyu mume wangu mzuri, na kisa hiki atamsimulia Mama yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mdogo wako,
Devota