Sauti ya Papa imerudi

Jumanne, Mangobo

Bon, sauti imerudi! Tangu niiwekee ordinateur, yaani kompyuta yangu, système mpya ya kuiendesha, programu ya kukatia video ilikuwa inaonyesha arusi yangu bila sauti hata kidogo. Niliitoa, nikaiweka upya, bure. Sina kopi nyingine. Niliogopa kwamba baraka alizonipa Papa, baba yangu, siku ile zimepotea, na tangu ugonjwa ulipomshika Papa hawezi tena kusema.

Leo nimepekua mipangilio yote. Kumbe sauti ilikuwa inapelekwa kwenye kifaa ambacho hakipo! Nikachagua spika za ordinateur, na papo hapo:

"Mutoto yangu, Mungu akulinde. Na wewe bwana, umutunze muzuri!"

Papa alikuwa amekaa mlangoni. Akageuka, akatafuta nani anasema.

"Ni wewe, Papa Zaina!" Mama akamwambia, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Ni sauti yako!"

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yanamtoka. Akanyoosha kidole: tena. Tumerudia mpaka courant ya umeme ikakatika.

"Huyu alipenda kusema kupita kiasi," Mama akasema gizani. Nikasikia Papa anampiga kofi dogo mkononi, na Mama anacheka.