Chumba Ambamo Sikuwemo

Kondo, mtani wangu,

Jana nilikuwa kwenu Maneromango, kwenye arobaini yako. Watu walijaa, kisomo kilikuwa kizuri, na pilau ungeila mpaka ukalegeza mkanda. Lakini sikuandikii habari za pilau. Mama yako aliniuliza swali ambalo lilikuwa lako kulijibu, nikalijibu mimi, na tangu hapo situlii. Leo asubuhi nimerudi hapa kiwandani Visiga, nimeshika koleo, nimeliacha. Nimekaa, nimesimama. Bosi kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo, ili nipate kukaa huku nyuma ya rundo la mchanga nikuandikie.

Nafasi yako kwenye mashine kapewa mtu mmoja wa Dodoma. Kazi anaijua, sina la kumsema, ila anafyatua matofali huku ameziba masikio kwa zile spika ndogo kutwa nzima. Nikimtania anatoa moja, anasema, "Eti?" halafu anairudisha. Malori ya kwenda bandari kavu ya Kwala yameongezeka, yanapita hapa barabarani kutwa, na wenzetu kadhaa wameshahamia huko kutafuta kibarua cha kupakia mizigo. Wananiita na mimi. Najua ungesema nini. Ungesema nenda, Mnyamwezi na mzigo hamjawahi kuachana.

Sijui kama nitakwenda. Nimechoka, Kondo. Kwetu Sikonge ni mbali, na hapa pia si kwetu, na sasa hivi sina hata wa kuniambia kwamba hadithi yangu ni mbaya.

Bado naandika kwenye simu, bado naituma kwenye lile kundi la wasomaji. Wao wananisifu tu. "Noma sana, leta nyingine." Wewe hukuwahi kunisifu. Tulipokuwa tunangoja lori la mchanga ulikuwa unajilaza chali juu ya mifuko mitupu ya saruji, kofia usoni, unaniambia haya soma. Nakumbuka ile ya mlinzi wa ghala. Niliandika kwamba mlinzi kasikia kishindo, anaogopa. Mstari unaofuata, mwizi naye anaogopa, anamkumbuka mkewe. Mstari wa tatu, mbwa anawaza kwamba harufu ile anaijua. Ukaondoa kofia.

"Maganga, hata mbwa umemwingia kichwani? Toka humo, atakung'ata."

Nilikasirika. Nikakwambia hadithi ni yangu, naingia ninapotaka. Hukubishana. Ulisema umepotea tu. "Mimi nilikuwa nimemshika mkono mlinzi, tunatetemeka wote wawili. Mara umenivuta kwa mwizi. Sasa nimwogope nani?"

Shule niliishia kidato cha pili, na huko tulifundishwa nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyeniambia kwamba msomaji ana mkono, na mkono wenyewe ni mmoja.

Basi nikaanza kujifunza, na wewe ukawa huniachii. Kila nikisoma, unauliza, "Wewe hapo ulikuwa wapi?" Nikisema mlinzi alikuwa mwekundu wa macho, unauliza kajionaje, ana kioo? Hata maneno ya kawaida ulikuwa huyaachi. Siku niliyokusimulia jinsi bosi alivyogombana na mkewe chumbani kwao, ukaniuliza kama nilikuwa chini ya kitanda. Nilikulalamikia kwamba nikikaa kwa mlinzi peke yake, mwizi sitamjua. Ukasema, "Msikilize anavyokanyaga." Nikaiandika upya yote. Ulipoisikia hukusema ni nzuri, ila hukulala.

Halafu tumbo likakushika.

Siku ya msiba nilifika kwenu nimevaa hivi hivi, saruji kwenye viatu. Nilidhani nitakaa nyuma na wanaume, nizike, niondoke. Shangazi yako Mwanahawa akatoka uani na shati lako la drafti na ile kofia. Akapaza sauti, "Mnyamwezi yuko wapi? Si kazi yenu kubeba? Haya, mbebe mtani wako!" Kwetu mambo haya yamepungua, nilikuwa nayasikia kwa wazee tu. Kwenu bado mnayashika: mtani avae nguo za marehemu, atembee kama yeye, aseme kama yeye, wafiwa wacheke kidogo kabla hawajavunjika. Nikavaa. Vifungo vikanishinda, shangazi akanifunga mwenyewe.

Nikatembea mwendo wako, mkono kiunoni, kidevu mbele kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Nikasema, "Nani kawaita watu wote hawa wakati mimi sijaoga?" Wakacheka. Mama yako akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yanacheza. Nikapata nguvu. Nikasema, "Yule Maganga nilikuwa namdanganya kila siku. Namwambia mgongo unaniuma, anabeba saruji yangu na yake. Na yeye moyoni ananihurumia, anawaza, maskini Kondo."

Shangazi akadakia, "We! Moyoni mwa Maganga umeingiaje, na wewe ni Kondo?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi nikagota pale katikati kama niliyekamatwa na kuku wa wizi. Wangejua tu! Lilikuwa swali lako, na wewe ulikuwa umelala pale ubavuni umefunikwa. Ndiyo siku niliyoelewa. Nikiwa wewe, Maganga natakiwa nimwone kwa nje tu, kama ulivyokuwa unamwona: mtu wa bara, mbishi, anaandika kwenye simu huku chai inapoa. Nikaendelea hivyo. Nikamsema huyo Maganga mpaka mimi mwenyewe nikamcheka. Sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile, na nilikuwa nataka kulia.

Baada ya mazishi mama yako akanishika mkono. "Kondo aliniambia unaandika. Mwandike. Mwandike vile vile ulivyofanya leo, aseme mwenyewe. Siku ya arobaini uniletee." Mtu akikuomba hivyo unasema nini? Nikasema ndiyo, Mama.

Nikaandika. "Mimi ni Kondo, nimezaliwa Maneromango, mama yangu analima muhogo." Ilikuwa rahisi, nakuapia. Nikiandika "mimi", sauti yako inakuja yenyewe, na dharau zako zote. Nilicheka peke yangu hapa kiwandani. Nikakuandika kazini, nikakuandika unanidanganya mgongo, nikakuandika tumbo linaanza, nikakupandisha bajaji kwenda hospitali. Nikafika kwenye kile chumba ulichofia.

Nikakwama hapo, kwa sababu hakukuwa na mtu. Mpwa wako alitoka kufuata chai. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Muuguzi alikuwa upande mwingine wa wodi. Mpwa alipoingia na chai yake ulikuwa umeshaondoka. Hakuna jicho lililokuona, Kondo. Nilizunguka, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikajipa ruhusa. Si nimekuwa wewe tangu mwanzo? Nikaandika, "Nikahisi mwili unakuwa mwepesi. Sikuumia. Nikamkumbuka mama, nikafumba macho." Nikaona ni maneno mazuri. Nikaona ndiyo zawadi yenyewe.

Jana, watu walipopungua, mama yako akatandika mkeka uani, akakaa, shangazi pembeni yake. Nikasoma. Akacheka palepale nilipotaka acheke. Wewe unamwita Maganga mbeba mizigo, anacheka. Wewe unaiba usingizi kwenye mifuko ya saruji, anacheka, anasema, "Mvivu tangu mdogo huyu." Nikafika chumbani. Nikasoma yale maneno. Nikainua macho.

Alikuwa ananitazama, lakini aliyekuwa anamwona si mimi. Akasema taratibu kabisa, "Hukuumia, baba?"

Kondo. Alikuwa anakuuliza wewe. Hakusema "hakuumia", alisema "hukuumia", na akaniita baba kama anavyokuita. Alikuwa ameinama kidogo mbele, anangoja. Kusema "Sikuumia, Mama" ni maneno mawili tu, yalikuwa yameshafika mdomoni. Shangazi alikuwa ananikodolea macho, ananiambia kwa uso wake sema, sema. Na mimi nikajiona nimesimama mahali nisipotakiwa kusimama. Siku ya msiba kila mtu alijua ni utani. Nguo zako zilikuwa zinanibana mabegani, kila mtu anaona ni Mnyamwezi amevaa shati la mtu. Jana hakukuwa na shati. Alikuwa anaamini.

Nikasema, "Mama, hapo mimi sikuwepo. Hapo nimetunga."

Akarudi nyuma. Nilimwona anavyorudi, kama mtu aliyesukumwa. Uso wake ulibadilika, na safari hii alinitazama mimi. Sikuweza kujua anawaza nini na sitakwambia najua. Vidole vyake vilikuwa vinachambua nyuzi za mkeka. Akauliza, "Sasa wewe uliona nini?"

Nikamwambia. Nilikuja hospitali siku moja kabla, jioni, baada ya kazi. Ulikuwa unaumia. Nilimwambia hivyo, nisingeweza kusema vingine, nilikuona umeuma shuka na jasho linakutoka. Halafu tumbo likaachia kidogo. Mpwa wako akakuletea uji, ukauonja, ukaurudisha, ukasema, "Maganga, uji huu ukiutia mchanga tofali linatoka." Tukacheka, ukashika tumbo, ukanitukana kwa kukuchekesha. Ukaniuliza kama lori la mchanga lilikuja. Ukageukia ukutani, nikaondoka. Nilichoona ni hicho tu.

Mama yako alilia. Alilia sana, na mimi nikalia. Kisha akajifuta na khanga akasema, "Rudia hapo pa uji." Nikarudia. Akatingisha kichwa. Akasema, "Alisema lori, hata pale?" Nikasema ndiyo, aliuliza lori. Akaniambia rudia tena.

Lakini wakati naondoka shangazi alinifuata mpaka barabarani, na ana hasira. "Ungemwambia tu hakuumia, ungepungukiwa nini wewe? Mama mzima, kafiwa na mwanawe. Mnyamwezi gani huwezi kubeba hata neno dogo hivyo?" Swali hilo ndilo linalonisumbua tangu jana. Kwenye gari la kutoka Kisarawe nililiwaza, nilipofika Mbezi nililiwaza, na hapa nyuma ya mchanga bado. Pengine shangazi ana haki. Pengine nimeshika mambo ya hadithi nikamwachia mama yako kidonda. Ungekuwepo ungenijibu kwa tusi moja likaisha.

Ila nawaza kitu kingine. Aliponiita baba, akangoja, kama ningemjibu kwa sauti yako, kesho angeniuliza lingine. Kama ulimkasirikia. Kama ulimwita. Na mimi ningejibu yote, kwa sababu nakujua, na ningejibu vizuri, na baada ya muda asingekuwa na Kondo, angekuwa na Maganga aliyejaa maneno. Kile cha uji ni kidogo, lakini ni chako. Ulikisema kwa mdomo wako.

Kwa hiyo nimefuta. Nimefuta yote tangu "Mimi ni Kondo". Naandika upya, na safari hii anayesema ni Maganga, anasimama pale alipokuwa amesimama, anakuona unavyokuja na unavyoondoka. Mlango wa wodi ukifungwa, anabaki nje. Hadithi imekuwa fupi kuliko ya kwanza, na inaniuma zaidi, maana kwenye ile ya kwanza tulikuwa wawili.

Bosi ananiita. Lori limefika.

Mama yako kasema nikimaliza nirudi nimsomee. Nitarudi, nakuahidi, hata kama nitakuwa Kwala. Akiniuliza tena kuhusu kile chumba nitamwambia sijui, na nikishasema sitakimbilia gari. Nitakaa naye pale uani, tusijue wote wawili, mpaka yeye mwenyewe aniambie niende.

Pumzika, mtani.

Maganga