Kopo la "Bado Sijajua"

Chumba Namba 14,
Jengo la Maabara,
S.L.P. 306.
Jumamosi, 9 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi penye mwanga, bandeji imeshatoka, na Mkazamjomba amekusogezea chai. Je, mtoto wa jicho baada ya kutolewa hajakuachia maumivu? Na kile kikohozi? Sisi huku wazima. Mimi hasa nimezidisha uzima: tangu juzi natembea nikicheka peke yangu, hadi mlinzi wa getini akaniuliza kama nimeposwa.

Sijaposwa. Tumepata idara!

Ngoja nikueleze. Unajua nafundisha nanoelektroniki, elektroniki ya vitu vidogo mno, ambavyo hata ukivipanga mia tano ubavu kwa ubavu havifikii unene wa unywele. Kwa miaka minne tumeishi kama watoto wa kambo, nusu kwa watu wa fizikia, nusu kwa watu wa kemia, na mashine zetu kwenye stoo ya mafundi. Mwezi uliopita mkuu wa chuo alikubali tuwe idara, kwa sharti moja: kufikia juzi Alhamisi tumpe karatasi inayosema fani yetu ni nini na imegawanyika vipi, wote saba tukiwa tumetia sahihi. Tukishindwa, wanafunzi wangu kumi na wanane wanatawanywa na maabara inafungwa.

Tulibishana wiki tatu. Mwanafizikia anavutia kwake, mkemia kwake, na wapiganapo tembo unajua wanaoumia. Walichokubaliana ni kimoja tu, kwamba kigezo kiwe udogo: chochote kilicho chini ya nanomita mia ni chetu, na sehemu zake zipangwe kwa ukubwa. Jumatano katibu akachapa rasimu. Kompyuta yake haijui neno "nano", basi ikamsahihishia kila mahali bila kuombwa. Karatasi ikamfikia mkuu ikisema "Idara ya Elektroniki Nono".

Akatuita wote asubuhi ya Alhamisi.

"Hii elektroniki nono," akasema bila hata kutabasamu, "mnaifuga au mnaichinja?"

Tulicheka mpaka mkemia akavua miwani afute machozi. Lakini mkuu hakuwa amemaliza. Akauliza, kama jambo lenyewe ni udogo tu, mbona saa yake ya mkononi haina idara? Wasomi saba tukainamia saa zetu.

Hapo ndipo nilipokumbuka makopo yako ya vipuri. Nilikuwa na miaka tisa, ukaniachia kibanda chako cha kutengeneza redio asubuhi nzima, nami nikataka kukufurahisha. Nikamwaga vipuri vyote nikavipanga upya kwa ukubwa, vidogo na vidogo, vikubwa na vikubwa. Uliporudi ulishika kichwa. Hukunichapa, uliniambia tu, "Bisibisi, kitu hakipangwi kwa umbo. Kiulize kinafanya kazi gani." Tukachukua siku mbili kuvirudisha: vinavyozuia umeme huku, vinavyoutunza kule.

Nikawasimulia. Nikasema vitu vyetu si vyetu kwa sababu ni vidogo, ila kwa sababu udogo umevibadilisha tabia. Elektroni, ile chembe ya umeme, ikikuta ukuta mwembamba kiasi hicho, hupenya ikatokea ng'ambo bila tundu wala mlango. Basi tuvipange kwa kazi: vinavyokata na kupitisha umeme, vinavyotunza kumbukumbu, vinavyohisi, vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Mwanafizikia akanitazama weee, kisha akauliza, "Huyo mjomba wako anafundisha chuo gani?"

Tuliandika tukiwa tumesimama. Kila sehemu tukaiita kopo, kwa mzaha, na jina likaganda. Lakini vitu vitatu vilikataa kuingia popote, na ugomvi ukaanza kunukia tena. Nikawatajia lile kopo lako la maziwa lenye kutu, ulilolibandika kikaratasi cha "Bado sijajua". Mkuu ndiye aliyesema liandikwe. Sasa limo kwenye hati rasmi yenye mhuri, sehemu ya tano: "Bado Hatujajua". Saa nane mchana sahihi saba zilikuwa zimekamilika. Mkemia alinikumbatia, Mjomba, na mkemia huwa hasalimii hata mtu.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako ya mwisho ilisema macho hayasomi tena namba za vipuri, makopo utayatupa jaani, na kwamba maisha yako yote huoni ulichokiacha kikamfaa mtu. Maneno hayo yaliniuma. Usithubutu kutupa hata kifuniko! Mwisho wa mwezi nakuja kulichukua lile lenye kutu. Nimeshaifuta vumbi rafu ya juu ya maabara, na nafasi ya kopo moja iko wazi.

Nisalimie Mkazamjomba, umwambie chai yake naikumbuka. Msalimu Bibi, na yule fundi saa jirani yako aliyekuwa akiniita injinia kabla sijajua kuandika.

Mungu akurudishie macho yako mapema uje usome bango la mlangoni kwetu. Nimeagiza herufi kubwa, na nimelihakiki mwenyewe mara tatu: hakuna "nono".

Mpwa wako akupendaye, uliyemfunza kupanga,

Bisibisi