Kibuyu Nilichong'arisha

Ciku wangu,

Huku Kapseret tuko salama. Ng'ombe amezaa, na babu yako, guka, bado anagombana na redio. Salamu zimeisha, sasa nikugombeze.

Eti unataka kuacha atachimenti, hayo mafunzo yako ya kazi, hapo makumbusho kwa sababu wiki tatu nzima unaambiwa uangalie tu vile vitu vya zamani na uandike ulichoona, bila kusafisha hata kimoja? Ciku! Wewe ni mimi kabisa, na hiyo ndiyo inaniudhi.

Nilipoolewa huku, jirani yetu Mama Chebet aliniletea mursik, maziwa ya kugandishwa ya watu wa huku, ndani ya kibuyu. Nilifunzwa kwetu Nyeri kwamba chombo cha mtu hakirudi kichafu. Nikakisugua ndani kwa sabuni na waya ya sufuria mpaka weusi wote ukatoka, nikakirudisha nikijisifu.

Alichungulia ndani, akakifunika. Baadaye ndipo nilijua weusi ule ulikuwa unga wa makaa wanaoupaka ndani ili maziwa yaive vizuri. Aliyeanza kukipaka kibuyu hicho, miaka mingi nyuma, ni mamake, na alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu kabla.

Mama Chebet hakunigombeza, hata siku moja. Ndiyo maana nakugombeza wewe mapema, kabla hujashika sabuni.

Nyanya yako, Shosho