Kurasa Nilizozishona kwa Uzi wa Kofia

Milalani, Msambweni
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Twaiba,

Assalamu alaykum. U hali gani huko Maskati? Mguu umepona, au bado wakusumbua ukipanda ngazi? Na wajukuu, hawajambo? Sisi huku tunashukuru, tu wazima. Sukari yangu imetulia. Daktari kaniambia nina damu ya msichana, nikamwomba aandike kwenye cheti nikutumie.

Issa wangu kapandishwa cheo, sasa ni naibu wa mwalimu mkuu huko Voi. Kijiji kizima kinajua, na asiyejua nimemwambia. Kila mwezi hunitumia kitabu, vile vile tuvipendavyo: upelelezi usio na mapanga, watu wanakunywa chai na mwizi yumo humo humo barazani.

Hiki cha sasa ni cha bibi mwuza mahamri anayetafuta ni nani aliyeiba saa ya msikiti. Wifi, kitamu! Nilipokaribia mwisho nikasimama, nikazishona kurasa zilizobaki kwa uzi wa kofia, kama desturi yetu. Nikaandika jina la ninayemdhania mwizi, nikatia karatasi kwenye mkebe wa biskuti, tayari kwa siku ya kukata uzi. Kisha nikakumbuka. Mkebeni mlikuwa na karatasi moja tu.

Nilijaribu na jirani yangu Hannah, aliyehamia kutoka Mkongani. Nikampa kitabu kingine, kile cha wizi wa harusini, nimekishona vizuri. Kesho yake akanipigia kelele kutoka uani kwake, "Mama Issa! Mwizi ni shangazi wa bi harusi! Na kitabu chako kilikuwa kimeshonwa, nimekufumulia!" Nikacheka asione haya, nikaingia ndani. Ni mtu mwema, juzi kaniletea mihogo. Lakini si wewe.

Issa naye husema, "Mama, si ukate tu usome?" Kasoma sana mwanangu, ila hili hajalisoma.

Wiki ya tatu sasa kitabu kipo juu ya kabati. Alasiri natandika jamvi, natoa vikombe viwili, kimoja nakirudisha.

Basi nampa kitabu hicho Abdurahman wa mzee Matano, anarudi kazini huko Ijumaa. Karatasi yangu imo ndani ya mshono. Soma mpaka kwenye uzi, andika jina la mwizi wako, ndipo ukate. Usinipigie simu kuniambia. Ukimaliza zishone tena kurasa, utie na karatasi yako, unirudishie. Nitakata mwenyewe, nikijua ni mkono wako uliofunga.

Kaka yako Chande anakusalimu. Huniuliza mwizi ni nani, kisha husinzia kabla sijamjibu. Nisalimie mwanao Mwanapili na mumewe, nibusie watoto. Mola akuhifadhi, auponye mguu huo, atukutanishe tena jamvini.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, niliyekushinda vitabu saba kati ya kumi na kimoja,

Mama Issa