Leo Nimehutubia Ukuta

Jumatano, Julai 1973

Baridi ya leo inauma vidole. Nimekaa chumbani kwangu hapa mtaani Satellite, jiko la makaa karibu na miguu, mashine ya breli mezani. Nitaandika hivyo hivyo, maana nikilala na hasira hii nitaamka nayo.

Leo nimehutubia ukuta.

Ijumaa tunamuaga Bi Njeri, msimamizi wa simu ofisini kwetu mjini. Anastaafu, anarudi shambani kwake Kinoo. Huyu ndiye aliyenikalisha mbele ya swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, miaka tisa iliyopita, wakati wakubwa walikuwa wakiuliza kipofu atajuaje laini ipi inaita. Alinishika vidole akanionyesha vile vifuniko vidogo vinavyodondoka simu ikiingia, kimoja baada ya kingine, hadi nikavijua kama vifungo vya gauni langu. Mwenyewe ameomba mimi ndiye nimsemee maneno ya kumuaga. Si mwingine.

Basi mchana tukafanya mazoezi ukumbini. Nikasimama, nikaweka mezani karatasi zangu za breli, zile nukta ninazozisoma kwa vidole, nikaanza. Sauti yangu ikatoka kwenye kipaza sauti kilichotundikwa ukutani upande wa kulia. Na mimi tangu utotoni nimefundishwa kumgeukia anayesema. Nikaigeukia sauti. Nikaihutubia kwa heshima zote, nikaitabasamia, na wenzangu waliokaa mbele nikawaachia sikio tu. Nilipofika mahali pa kumshukuru Bi Njeri nikasikia mtu anacheka puani.

Kwa kucheka siwalaumu sana. Hata mimi ningecheka. Aliyenichoma ni Bwana Kariuki, afisa wa wafanyakazi. Hakusema na mimi. Alimgeukia Akinyi, mpiga chapa wetu, nami nimesimama hapo hapo:

"Mwambie hotuba ni mzuri sana, lakini Peter wa uhasibu ndio atasoma. Yeye akae kando ashike maua. Wageni wasisikie vibaya. Umpigie Peter chapa, nitakuja kuchukua kesho saa nne."

Mwambie! Kila siku namuunganishia simu zake, hadi za mkewe, lakini leo amesahau kwamba nina masikio.

Nilipomuuliza Akinyi nimekosa nini, alisema, "Rasoa, usikasirike. Unayumbayumba kama mtu anabembeleza mtoto. Na kichwa unainamisha. Ni kitu yako ya kila siku."

Ya kila siku! Miaka tisa nakula nao chakula cha mchana, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Wao kwa wao wanaambiana kola ikiwa chafu, wanaambiana mboga ya sukuma wiki ikinasa kwenye meno. Mimi wananihurumia. Huruma gani hiyo, ya kumwacha mtu ajiaibishe ili wewe usione haya kumwambia? Nimechoka nayo.

Na kichwa hiki sikukiinamisha mwenyewe. Kule nyumbani Butere, mama akisikia wageni wakibisha alinisukuma kisogo taratibu: inama, mwanangu, wasikuone macho. Alinipenda, najua. Lakini nimeinama miaka thelathini kwa ajili ya wageni waliokuja kunywa chai, na leo namkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe.

Kazi ilipoisha nikamwambia Akinyi aweke huruma kando anifundishe. Tukarudi ukumbini, sisi wawili tu. Tukazima kile kipaza sauti, maana ukumbi si mkubwa na sauti ninayo. Nikavua viatu. Pale mbele kuna zulia, na ukingo wake umekwenda sambamba na safu za viti. Vidole vya miguu vikiwa ukingoni najua watu wako wapi, na nyayo zote mbili zikikanyaga sawasawa siyumbi. Mkono mmoja unasoma. Ule mwingine haukuwa na kazi, ndiyo maana ulikuwa ukihangaika na kitambaa cha meza, kwa hiyo nimeupa kazi ya kumnyooshea Bi Njeri ninapolitaja jina lake. Yeye atakaa katikati, mbele yangu moja kwa moja. Mwishowe Akinyi aliniwekea mkono chini ya kidevu, akainua.

"Hapo. Sasa naona uso yako."

Nikabaki hapo hadi shingo ikauma. Inauma hata sasa.

Sijui kama Ijumaa nitafanya vizuri. Huenda nikainama tena katikati ya hotuba, kwa sababu mazoea ya miaka thelathini hayaondoki kwa saa moja. Lakini nikikosea, nikosee mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mama aliyenifundisha kazi. Maua wampe Peter.

Tukiwa tunatoka, Akinyi aliniuliza atafanyaje, maana ameagizwa apige chapa, breli haijui, na hawezi kupiga asichosomewa. Nikamwambia sina nafasi ya kumsomea.

Kesho saa nne Bwana Kariuki atakuja kuchukua hotuba. Nitampa mwenyewe, kwa mikono miwili, kichwa kikiwa juu. Karatasi tatu za breli, nukta tupu, hakuna hata tone la wino.

Asome.