Niliziba Uso wa Mtoto, Nikasahau Kitenge

Mama Vestine mpendwa, amahoro. Nakuomba unisaidie, tena haraka, maana Ijumaa inakuja na mimi sijui nitauweka wapi uso wangu. Nakusikiliza kila Alhamisi mchana watoto wakiwa wamelala, nawacheka watu wanaokuandikia, nasema mtu mzima anakwendaje kumwaga mambo yake redioni, na leo ni mimi niliyeshika kalamu.

Mimi ni mama wa hapa hapa Rumonge, nimezaliwa hapa na babu yangu pia. Uani kwangu tuna kikundi cha watoto wachanga. Mama zao wanauza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na mawese, wanatoka alfajiri kwenda mwaloni mitumbwi ikirudi, na mtoto wa mwaka mmoja huwezi kumweka katikati ya makapu na pikipiki, basi wanatuletea sisi, na kila siku tunakaa wawili kwa zamu. Si kwa kujisifu, lakini kikundi chetu kina sheria. Mtoto mwenye homa harudi mpaka apone, anayeharisha hapokelewi, na kila anayeingia ananawa kwa sabuni kwenye bidoni ya maji tuliyoitundika langoni, awe mama awe mgeni, na kipindupindu kilipopita mtaa wa pili hakuna mtoto wetu aliyeugua.

Sheria yetu kubwa ni ya kitenge. Mama akijiunga analeta kitenge anachombebea mtoto, tunakikata vipande viwili mbele yake, kimoja kinabaki kwetu mtoto anakilalia, kingine anakwenda nacho. Jioni akichelewa kwa ajili ya samaki, na simu imezima, anamtuma mtu yeyote na kile kipande chake, shangazi, jirani, hata dereva wa pikipiki anayemwamini, na sisi tukiona vinafanana tunamtoa mtoto, hatuulizi zaidi, na sheria hiyo mtaa mzima unaijua. Wengi wetu hatukusoma sana, lakini kitenge chake kila mwanamke anakijua.

Baada ya Pasaka alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkongomani wa Kivu, Benedicte, mpole sana, na binti yake Schékinah ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Tulipokikata kitenge chake niliona machozi yanamlenga, nikadhani anakionea uchungu kitambaa, maana kilikuwa kizuri. Kisha akaniambia, "Mama Rachid, mutoto wangu musimupige picha. Hata moja." Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Kuko watu kule ng'ambo, sitaki wamuone." Mimi moyoni nikasema haya ni mambo ya husuda, mama wadogo wanaogopa macho ya watu, nikamwahidi.

Sasa siku moja watoto wamekunywa uji, wameoshwa, wameketi mstari mmoja kila mtu juu ya kitenge chake, wanapendeza, sijui nini kilinipata, nikatoa simu nikawapiga picha. Nilitaka akina mama wa Minago nao waone, waje. Nikaandika jina la mtaa wetu chini yake, nikaiweka kwenye statusi yangu na kwenye grupu la mtaa. Na Benedicte nilimkumbuka, naapa nilimkumbuka, ndiyo maana juu ya uso wa Schékinah niliweka ua, yale maua yaliyomo kwenye simu, jekundu, kubwa, hata sikio halikuonekana. Nilijiona mjanja. Picha ilipendwa, watu wakaitumiana, mimi nikafurahi.

Juzi mchana akaja mwanamke mmoja mapema kuliko kawaida. Zuwena, mwenzangu wa zamu, alikuwa amekwenda kuteka maji. Yule mwanamke alinawa mikono bila kuambiwa, jambo hilo likanipendeza. Akasema, "Benedicte ananituma. Iko na kichwa inamuuma, anasema nimutwale mutoto." Akatoa kipande cha kitenge. Kilikuwa chenyewe, kile kile. Mama Vestine, sikumuuliza hata jina. Nilimwamsha Schékinah, nikampangusa uso, nikampandisha mgongoni mwa yule mwanamke kwa mikono yangu hii, naye akakifunga kile kitenge kifuani.

Nilipokikunja kile chetu ili nikirudishe mahali pake, ndipo nikaviona pamoja. Chetu kimefuliwa mpaka kimepauka, kina doa la mawese pembeni, na ukingo mmoja umekatwa kwa mkasi wangu. Chake kilikuwa kinang'aa, kigumu bado, kimepindwa kwa cherehani pande zote. Nikasema ngoja kidogo. Hakungoja, akaanza kutembea kuelekea langoni, hakukimbia, alitembea tu. Nikamrukia nikamshika mtoto mguu. Mtoto akalia, na mimi nikamwambia yule mwanamke nitapiga kelele mtaa mzima uje. Akasimama. Akafungua kitenge polepole, akanirudishia mtoto, wala hakukasirika. Akaniambia, "Hakuna shida, mama. Kitenge hii tulivaa sisi wote ku harusi ya kaka yangu. Ijumaa tunakuja na baba yake, tunapanda naye boti." Akatoka, akalifunga lango taratibu.

Hapo nikaelewa yote. Ndugu wa bwana harusi walivaa sare, kitenge kimoja ukoo mzima, na Benedicte alipokimbia na mtoto mgongoni alikimbia na hicho hicho kwa sababu ndicho kilichomfunga. Mume wake ameona kitenge cha harusi yake kwenye picha yangu, na chini ya ua akajua ni nani. Niliziba uso nikaacha kitambaa, na kwetu sisi kitambaa ndicho kinachofungua lango.

Jioni Benedicte akaja, amechoka, ananuka samaki, na kipande chake mkononi. Schékinah alikuwa ameniganda hataki kushuka. Mama yake akamwangalia akaniuliza, "Mutoto iko na nini leo?" Nikamjibu ni meno. Meno, Mama Vestine. Akanishukuru akaenda.

Mume wangu Hamissi anasema ninyamaze, hayo ni mambo ya mtu na mkewe, na akina mama wakisikia kwamba nilimtoa mtoto kwa mikono yangu hakuna atakayebaki, uani utakuwa mtupu. Nami nimewaza hivi: kesho jioni nitume ujumbe kwamba surua imeingia kwenye kikundi, Ijumaa kila mtu abaki na mtoto wake. Wale watu wakija watakuta hakuna mtoto, boti itaondoka, labda watachoka. Picha nimeshaifuta. Je, hiyo haitoshi? Ni lazima nimwambie? Namheshimu sana yule mama, na naogopa macho yake. Tafadhali nisaidie, na jina langu usilitaje.

Mama wa Uani, Rumonge

MAMA VESTINE ANAJIBU

Mama wa Uani, amahoro kwako pia. Kwanza niwaambie wanaonisikiliza: majina yote mliyoyasikia nimeyatunga mimi, na rangi na maua ya kitenge nimeyatoa kwenye barua kabla ya kuisoma. Barua yenyewe imesukumwa chini ya mlango wetu leo asubuhi, haina namba ya simu. Ingekuwa na namba ningekupigia, na hewani nisingesema neno. Hukuweka, basi inabidi tuongee mbele ya watu wote, wakiwemo wale ambao hatuwataki. Nimelipima hilo. Wao lango lako wanalijua tayari. Asiyejua kitu mpaka sasa ni Benedicte peke yake.

Pole, mama. Nakupa pole ya kweli, maana nimeisoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa. Ule mguu ulioushika ndio uliomwokoa mtoto, na mtu asije akakucheka hapa, maana wengi wetu tungeona kitenge kinafanana tukamwambia yule mwanamke safari njema.

Lakini lile ua, mama yangu! Mwenzako hakukuomba uzibe picha, alikuomba usipige. Ulimsikia vizuri kabisa, halafu ukamfasiria mwenyewe moyoni, ukasema ni husuda. Mama akisema mtoto wangu asipigwe picha hajakutegea kitendawili, na wala hawajibiki kukueleza sababu. Amesema, imekwisha. Nawaambia na wengine wenye vikundi na simu zenu nzuri: mtoto hajulikani kwa uso tu. Anajulikana kwa nguo, kwa ukuta ulio nyuma yake, kwa lango lako, kwa jina la mtaa ulilojiandikia mwenyewe chini ya picha ili wateja waje. Unasema umeifuta. Umeifuta kwenye simu yako. Kwenye simu ya yule bwana ipo.

Surua usiiguse. Hapo ndipo uliponikasirisha kuliko penye ua. Umejenga kitu kigumu sana pale uani: mama anaacha biashara yake akisikia una mtoto mwenye homa, kwa sababu hujawahi kumdanganya. Ukilitumia neno hilo kufunika aibu yako, siku surua yenyewe ikiingia watakuletea watoto wenye vipele, waseme huyo mama wa uani ana mambo yake. Halafu umefikiri Benedicte atakwenda wapi na mtoto siku hiyo? Unadhani atakaa nyumbani? Huyu anaishi kwa ndagala. Atamfunga mgongoni aende naye sokoni, pale pale karibu na bandari, siku ya boti. Hawatahitaji hata kugonga kwako. Utakuwa umewapelekea.

Mumeo nisalimie. Mambo ya mtu na mkewe hayaingii kwenye uani wa watu kwa kitenge cha uongo. Mimi sijui kilichotokea kwenye ndoa ile, na wewe hujui, wala si kazi yetu kuhukumu. Baba akiwa na haki zake, tribinali ipo, aende mchana ataje jina lake. Anayemtuma dada yake aseme mama wa mtoto anaumwa kichwa, huyo hajafuata haki.

Unaogopa uani kubaki mtupu. Inawezekana wengine wakaondoka, sitakudanganya. Ila akina mama watakusamehe kwa kukosea mbele ya lango. Hawatakusamehe kwa lile neno "meno".

Sasa sikiliza. Wewe na Benedicte, leo, kabla ya jioni, mwende kwa mkubwa wa mtaa, kisha polisi, muwaulize wanaoshughulikia mambo ya watoto. Utawasimulia yule mwanamke alivyo na maneno yake ya Ijumaa jinsi alivyoyasema, bila kuongeza chumvi. Waombeni watu wa bandari wajulishwe kwamba mtoto huyo hapandi boti bila mama yake. Na usiku wa leo Benedicte alale kwa mtu mwingine, na wewe usimuulize ni kwa nani. Ukishajua, kuna siku utamwambia mtu, kwa wema wako tu, kama ulivyopiga ile picha.

Kuhusu sheria yenu ya kitenge, ninatangaza hapa ili vikundi vyote vinisikie kuanzia Minago mpaka Kabonga: kitenge hakitoi mtoto tena. Kitenge kinauzwa sokoni. Mtoto anakabidhiwa mtu ambaye mama mwenyewe alimleta siku ya kwanza, akamsimamisha mbele yenu, akasema ni huyu. Akija mwingine, hata awe amevaa kitenge cha ukoo mzima mwilini, apewe benchi, amsubiri mama. Na pale langoni penye bidoni na sabuni wekeni kikapu, anayeingia anawe mikono na simu aiache humo, kuanzia na wewe. Ninyi wengine mliobaki na kile kitambaa cha harusi, kama mnanisikia, kikunjeni mkiweke sandukuni. Hakina kazi tena huku kwetu.

Mama wa Uani, umesema saa hizi huwa watoto wamelala na wewe unanisikiliza. Basi Schékinah yuko hapo mbele yako. Zuwena naye kama yupo, abaki na wengine, lango alifunge kwa ndani. Kama hayupo muite jirani unayemwamini, watoto usiwaache peke yao hata kidogo. Kisha mchukue yule binti, mfunge mgongoni kwa kitenge chako wewe, umpeleke kwa mama yake. Umwambie yote. Anza na picha, usianze na kujitetea, na akikufokea mwache afoke.

Na usikae kupanga maneno. Sokoni kuna redio kwenye kila meza, na barua yako nimeshaisoma yote. Sasa hivi kuna mama ameacha kupima ndagala, amesimama, anahesabu mambo kichwani: kitenge, harusi, ile jioni ya meno. Inuka, akuone unakuja na mtoto wake mgongoni kabla hajaanza kukimbia kuja kwako.

Zima redio, mama. Nenda.